Nyangumi wa Ngoingwa

Wanaume wa Ngoingwa wakistaafu huwa hawakosi kichaa cha kushika. Mmoja alifuga kware hadi kware wakamshinda ulaji na uuzaji. Mwingine alipanda mti unaotibu magonjwa yote, na ugonjwa wa kwanza kumpata ukaenda naye. Ndegwa, yeye, alijenga meli ya kuvulia nyangumi.

Ndiyo, umesikia vizuri. Nyangumi. Hapa Thika, ambapo maji makubwa kuliko yote ni yale ya Chania yanayoporomoka kando ya hoteli ya zamani, na kazi yao kubwa ni kupigwa picha pamoja na maharusi. Ndegwa mwenyewe bahari aliiona mara moja tu, safari ya chama cha akiba cha kiwandani, na siku hiyo tumbo lilimwendesha hata akaiona kupitia kidirisha cha choo. Lakini mtu akishaingiwa na jambo lake, nani wa kumtoa?

Usimcheke haraka, lakini. Maisha yake yote ya kazi Ndegwa alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo. Alilipwa kutafuta makosa kwenye vitu walivyotengeneza wengine: uzi umelegea hapa, rangi imekolea pale, rudisha, tupa. Siku ya kuagwa walimpa blanketi, na blanketi lenyewe lilikuwa na kosa, akaliona kabla hajaketi. Akaenda nyumbani akaitazama mikono yake na kujiuliza ni kitu gani kimewahi kutoka humo. Hakuna. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Ndipo jioni moja akaona kwenye televisheni zile meli za zamani za kuvulia nyangumi, zenye tanuru la matofali juu ya sitaha na masufuria makubwa ya kuyeyushia mafuta, hawa wanakata, hawa wanachemsha, hawa wanajaza mapipa. Ndegwa akaruka kitini. Ile haikuwa meli, jamani, kilikuwa kiwanda kinachoelea!

Akaanza. Mbao nyembamba alizipata kwa fundi wa majeneza. Kamba za milingoti alizisokota kwa uzi wa cherehani ya mkewe, matanga akayakata kwenye shuka, na vyusa vya kumchomea nyangumi akavinoa kutoka kwa spoku za baiskeli. Bahari aliimimina kwa jipsamu juu ya ubao mpana, akachonga mawimbi kwa kijiko, moja baada ya jingine, kisha akayapaka buluu. Nyangumi alitoka kwenye gogo la mvokado, na damu ya mgongoni kwenye rangi ya kucha aliyoisahau binti yao Becky alipokuja Krismasi. Mabaharia aliwafinyanga kwa udongo, kila mmoja na sura yake. Mmoja alifanana sana na meneja wake wa zamani, na huyo alimsimamisha karibu kabisa na sufuria linalochemka.

Kazi hiyo ilikula mwaka na zaidi, na muda wote huo meza ya kulia ilikuwa bahari. Warigia, mkewe, alikula sahani ikiwa mapajani na kunyamaza, na mwanamke wa aina ya Warigia akinyamaza ujue anahesabu. Yeye alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa lao upande wa Thika, na mwaka huo alikuwa anautaka uenyekiti wa parokia nzima, Thika na Ruiru pamoja. Aliyemkalia kooni ni Beth wa Ruiru, mwenye duka la unga, mwanamke wa kucheka na kila mtu huku anakupima viatu.

Basi siku moja akina mama wa Ruiru wakaja Ngoingwa, ile ziara inayoitwa ya maombi na ambayo kila mtu anajua ni ya kukagua mapazia. Warigia alikuwa amepanga kuwapitisha upande wa jikoni. Lakini Beth hapitishwi jikoni. Aliingia sebuleni moja kwa moja, akasimama mbele ya meza, akashika kiuno.

"Haiya! Mama Becky, hii ni nini sasa?"

Ndegwa alikuwa amelisubiri swali hilo tangu msumari wa kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, hata mkewe. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akakohoa kidogo.

"Hii, mama, ni meli ya..."

"Ya Yona," akasema Warigia.

Uongo ulimtoka wenyewe. Na nyinyi mnaomlaumu, mngesema nini? Kwamba baba mzima na mvi zake anashinda nyumbani akicheza na vijisamaki? Mbele ya Beth?

Beth akainama, akachungulia. "Na Yona mwenyewe mbona simuoni?"

"Ameshamezwa," akasema Warigia. "Yuko ndani."

"Aaa. Na hawa wenye machuma?"

"Hao wamekuja kumwokoa."

Beth akakitazama kile chusa kilichozama mgongoni mwa nyangumi, na damu ya rangi ya kucha ikitiririka hadi majini. "Wanamwokoa kwa kumchoma?"

"Si lazima kwanza afungue mdomo?"

Akina mama wakasema amina. Beth naye akapiga makofi, akatangaza kwamba kitu kizuri namna hiyo hakiwezi kufichwa Ngoingwa, lazima kiende Ruiru Jumapili ya Mavuno kikapigwe mnada kwa kazi ya Bwana. Wengine husema Beth aliamini. Mimi nasema alijua, alijua kabisa, na alitaka kuona Warigia atatokea wapi.

Wageni walipoondoka Ndegwa alibaki amesimama palepale.

"Mnada?" akauliza.

"Baba Becky, ningefanyaje?"

"Ungesema ukweli."

"Nikisema leo kwamba nilidanganya, Beth atasimama Jumapili aulize kama akina mama wa parokia wataongozwa na mwongo. Nimetafuta hicho kiti miaka, unajua. Nimepika kwenye matanga ya watu ambao hata siwajui."

Ndegwa akaketi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na haya aliyatoa kwa shida. "Warigia, hiki ndicho kitu cha pekee nilichowahi kutengeneza."

Warigia akatazama kando. Alimpenda mumewe, msidhani hakumpenda, ila alikuwa amechoka kula mapajani. "Utainunua mwenyewe," akasema mwishowe, kwa upole. "Si kila mtu hununua vitu vyake? Utapandisha mkono, utailipia, tutarudi nayo hapa, na mimi sitasema neno tena juu ya meza. Naapa."

Na hapo hakukosea. Ndiyo desturi ya Mavuno. Mtu huleta kuku wake madhabahuni, mnada ukianza anashindana na jirani zake kumnunua kuku yuleyule, analipa bei ya mbuzi, anarudi naye nyumbani kifua mbele huku kuku mwenyewe haelewi kimetokea nini. Ndegwa akakubali. Alikuwa na akiba yake kidogo, na moyo ukamtulia.

Jumapili ikafika. Makau, jirani yao anayeuza mchanga wa Ngoliba, aliibeba meli kwenye pikapu yake, akaendesha taratibu kama amebeba maiti, na Ndegwa akakaa nyuma ameikumbatia. Walipofika Ruiru, kamati ya mapambo iliipokea kwa vigelegele na kuanza kuiboresha. Wanakamati huwa hawawezi kuona kitu wakakiacha kilivyo. Walizungushia milingoti karatasi za kumetameta zilizobaki Krismasi. Wakaandika YONA 1:17 juu ya bahari kwa rangi ya dhahabu. Kisha wakaona hakuna mtu mwenye sura ya Biblia, wakamchukua yule aliyefanana na meneja, wakambandika ndevu za pamba. Ndegwa aliwatazama kama mtu anayeona mgonjwa wake akidungwa sindano na mpita njia. Akajiambia, vumilia, ni siku moja, ndevu zitabanduka kwa maji ya moto.

Ibada ikaanza, na Mchungaji Simeon akafungua Biblia kwa Anania na Safira. Wale waliotoa kitu kwa Mungu na kukizuia nusu, mnakumbuka walivyoishia. Mchungaji alikuwa na neno lake siku hiyo.

"Kuna tabia imeingia hapa!" akanguruma. "Mtu anampa Bwana kuku, kisha anamchukua tena! Ulichompa Bwana, mkono wako usikirudie! Mwaka huu hakuna mtu kununua kitu chake, wala mke kumnunulia mume, wala mume kumnunulia mke! Mmesikia?"

"Amina!" Ya Beth ilitoka ya kwanza, na ilikuwa ndefu.

Ndegwa akamtafuta Warigia kwa macho mbele kule, viti vya akina mama, lakini Warigia alikuwa ameinamia Biblia yake kana kwamba imemwangukia.

Mnada uliongozwa na Mzee Ndung'u. Jumapili huyu ni mzee wa kanisa, siku nyingine zote ni dalali wa mashamba huko Theta. Ndung'u hajawahi kuona kitu kizima akakipenda. Mpe shamba la kahawa asubuhi, jioni limekuwa mawe ya mipaka na vibao. Inasemwa aliwahi kukata urithi wa ukoo mmoja kuwa viwanja vya kuuza hadi kaburi la babu likawa ploti ya kona, na likanunuliwa la kwanza.

Kuku waliisha haraka. Ndizi, malenge, magunia ya mahindi, hata paka mmoja aliyeingia kimakosa, vyote vikaenda. Kisha meli ikainuliwa mezani. Ilitarajiwa inunuliwe na mheshimiwa mbunge, lakini mheshimiwa alimtuma mtu aseme ana dharura ya kitaifa, na watu wote walijua yuko kwenye mavuno ya kanisa jingine. Wengine wote walitazama viatu vyao. Meli hailiwi na ugali.

"Meli ya nabii!" Ndung'u akaita. "Nani atatufungulia?"

Kimya. Ndegwa akaanza kupumua. Kitu kisichonunuliwa hurudi kwa mwenyewe, hakuna andiko linalokataza hilo. Akajiona tayari nyuma ya pikapu ya Makau. Kumbe Ndung'u alikuwa amefumba jicho moja. Aliizunguka meli polepole, akaipima kwa vidole, na watu wa Ruiru wanaomjua wakaanza kucheka, kwa sababu jicho lile wameliona mara nyingi pembeni mwa shamba.

"Shida yake ni ukubwa," akasema Ndung'u. "Tukate ploti."

Kanisa likalipuka kwa furaha. Hapo sasa watu walikuwa nyumbani! Hakuna mtu kati ya Thika na Ruiru asiyejua kununua ploti.

"Tanga la mbele! Hii inaangalia lami!" Mikono ikapanda. Kra, tanga likang'oka na kipande cha mlingoti, na pambio likaimbwa lote, na ngoma na kayamba, likifika mwisho Ndung'u ameshashika kingine. "Mashua hii, kona, pande mbili ziko wazi! Sufuria hili, maji yapo, stima inakuja! Jirani yako ameshanunua, wewe unangoja nini?" Kra. Pambio. Kra. Waliokuwa wanatazama viatu sasa wanasimama juu ya viti. Mtu mmoja alinunua usukani bila kujua ni nini, akauza nusu yake kwa aliyekaa nyuma yake.

Ndegwa alikuwa ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Angeweza kusimama. Maneno alikuwa nayo, machache tu: hii si ya Yona, ni yangu, ilikuja hapa kwa makosa. Lakini uchaguzi wa akina mama ulikuwa baada ya ibada, na akisimama yeye, anayeanguka ni Warigia, mbele ya Beth, mbele ya Ruiru yote. Akaamua afe kiume. Aliuma meno na kusikiliza kazi ya mwaka na zaidi ikivunjika kijiti kwa kijiti. Ilimuuma, iliuma sana, na hakuona aibu kwamba machozi yanamtoka.

Ndipo Warigia akageuka. Alimtafuta kati ya vichwa vyote vile akampata. Ndegwa akajaribu kumtabasamia, kumwambia kwa uso tu, kaa, haidhuru. Tabasamu likakataa.

Warigia akasimama.

"Mzee Ndung'u, weka huo mlingoti chini," akasema. Hakupaza sauti, lakini ni mwanamke aliyezoea kusikika kwenye matanga, na ngoma ikanyamaza. "Wapendwa, mimi nilidanganya. Hii si meli ya Yona. Ni meli ya kuua nyangumi. Hakuna mtu tumboni mwa huyo samaki. Mume wangu aliijenga kwa mikono yake, na mimi nikaona haya kwa ajili yake, ndiyo nikasema ni Yona. Leo haya ninaiona mimi kwa ajili yangu mwenyewe. Mrudishieni meli yake."

Ndegwa na mkewe walikuwa wameoana tangu ujana, wamezikiana wazazi, wamesomesha mtoto, na yeye hakukumbuka siku nyingine yoyote ambayo mtu aliwahi kusimama mbele ya watu kwa ajili yake. Akili yake yote ilimwambia, sasa watairudisha.

"Haleluya!" akapiga kelele Mchungaji Simeon.

"Haleluya!"

"Huu ni ushuhuda! Mnauona moto? Mnauona? Mama amekiri mbele ya watu! Meli hii imemtoa dhambi!"

Na Ndung'u, dalali asiyelala, akainua kile kipande cha mlingoti juu ya kichwa. "Mmesikia wenyewe! Hii si meli tu, ni meli ya ushuhuda! Ile bei ya zamani imekufa! Nani ataanza upya?"

Wui! Ungedhani wanagawa unga wa bure. Waliokuwa wamenunua wakaanza kuuziana kwa faida. Warigia alikuwa akipiga kelele, "Nimesema mrudishe! Mchungaji, nimesema mrudishe!" lakini pambio lilikuwa limeshapanda, na akina mama walimkumbatia kutoka pande zote, wakimlilia mabegani, wakimwambia amebarikiwa. Ndegwa alijaribu kwenda mbele. Hakufika. Kila hatua mtu alimshika mkono na kumpongeza kwa mke mcha Mungu namna ile, na kila mara alipofaulu kuuchomoa mkono, sehemu nyingine ya meli ilikuwa imeondoka. Mabaharia wa udongo waligawiwa kwa vyama vya kanisa. Tanuru likachukuliwa na kwaya. Matanga yaliyobaki yakachanwa mara mbili ili watu watoshe. Hata bahari yenyewe ilikatwa, wimbi kwa wimbi, kwa nyundo, Ndung'u akiita, "hii haikauki, ni ya kando ya maji!" Na nyangumi akanunuliwa na Beth, ambaye alimbeba kifuani kama mtoto na kusema atamweka juu ya kabati la televisheni.

Baada ya ibada akina mama walifanya uchaguzi wao. Mchungaji Simeon alieleza kwa upole kwamba mtu aliyetubu anahitaji muda wa kupumzika. Beth akapita bila kupingwa. Akamshukuru sana Warigia kwa mfano wake.

Waliporudi Thika, wote wawili walikaa mbele na Makau, wamebanana. Nyuma kulikuwa na ubao mtupu wenye mabakabaka ya buluu, ukigongagonga kila wanapopita tuta. Makau, mtu mwenye adabu, alijifanya hana masikio.

"Umekosa kiti," akasema Ndegwa.

"Na wewe umekosa meli."

"Ulisimama, lakini."

"Nilichelewa kusimama." Warigia akafungua kitambaa cha kichwani, akakikunja juu ya magoti, akakikunjua tena. "Baba Becky, hebu niambie. Hawa watu wako. Wakishamchoma huyo nyangumi, wanamfanya nini hasa?"

Ndegwa akamtazama kwanza, aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akakohoa kidogo, kama siku ile alipofuta mikono kwenye suruali.

"Wanamfunga ubavuni mwa meli," akasema. "Wanaanza upande wa kichwa. Wanamchuna mafuta kwa mikanda mirefu, anazunguka ndani ya maji huku wanamchuna, kila mtu na kazi yake, huyu anakata, huyu anavuta, huyu anapeleka kwenye sufuria. Hawaachi kitu. Ikibaki mifupa tu, wanaifungulia, inazama."

"Na hawaoni huruma?"

"Hawana nafasi ya kuona huruma. Wanaimba."

"Wanaimba?"

"Wanaimba sana, mama. Bila wimbo, kazi kama hiyo haiendi."

Warigia akauegemeza uso wake begani mwa mumewe, na Ndegwa hakujua kama anacheka au analia, mpaka walipofika Ngoingwa.